Gunia la Mheshimiwa Kipimo

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, maana kwetu hakuna anayeogopa. Wa mwisho kusema anaogopa alihojiwa mpaka akakana. Ni kwamba jina lenyewe liko Wizarani linasubiri kusajiliwa upya, na kulitumia kabla halijapata kibao ni kosa. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina milima pembeni na bonde katikati, na mimi nilikuwa dereva wa trekta huko bondeni, mwananchi mtiifu mwenye leseni.

Zamani, kabla akili hazijatufunguka, tulikuwa tukipima vitu kwa kilo. Halafu Baraza likagundua kwamba kilo ni mgeni, kwao hakujulikani, na ni aibu taifa huru kupimiwa mchele wake na mgeni. Kikatafutwa kipimo cha kizalendo. Wakati huo Waziri wa Mizigo na Magurudumu alikuwa mtu wa mwili, mwili hasa, akiingia ukumbini viti vinasogea vyenyewe. Likapitishwa azimio kwamba uzito wote nchini upimwe kwa Waziri, na yeye akapewa cheo cha Mheshimiwa Kipimo. Sokoni tukaanza kuomba robo Waziri ya unga. Tulijivuna sana. Nchi gani nyingine ilikuwa na kipimo kinachoweza kukupungia mkono?

Kwa kuwa Mheshimiwa ni mmoja na vituo vya mizani ni vingi, kila kituo kilipewa gunia la kokoto lenye uzito sawasawa na wake. Gunia lilivalishwa koti na tai, likakalishwa kwenye kiti upande mmoja wa mizani. Kila asubuhi Mheshimiwa alipimwa mji mkuu baada ya kifungua kinywa, kisha simu ikapigwa vituoni: "Ongeza kokoto!" Miaka yote ilikuwa ni ongeza tu. Wapimaji walilifungua koti vifungo kwa upendo, wakaongeza, wakapiga saluti.

*

Bonde letu likateuliwa kuwa Ziwa la Taifa. Ilikuwa heshima kubwa, tukaambiwa tushangilie, tukashangilia. Mto ukazibwa kwa ukuta, na maji yakaanza kupanda taratibu, kwa nidhamu, kama yalivyoelekezwa.

Tatizo dogo lilikuwa sheria. Sheria ilisema mwenye nyumba akihamishwa apewe nyumba nyingine na kiwanja cha kuiweka. Wataalamu wakajifungia hotelini, wakatoka wamenenepa na jawabu mkononi: watu wa bondeni wapewe nyumba zenye magurudumu. Nyumba yenye magurudumu si nyumba, ni tela, na tela halidai kiwanja. Linadai kibao cha namba.

Jirani yangu Shekue alipewa tela la bati la bluu, yeye na mkewe Mwantumu ambaye ni fundi cherehani, pamoja na mama yake mzazi, Bibi Sikudhani. Bibi alikuwa hatembei tangu mguu ulipomkatalia, lakini ulimi haukumkatalia hata kidogo. Mimi sina mke wala mtoto, kwa hiyo kwenye hesabu ya kaya sikuonekana, nikapewa kazi ya kuwavuta wanaoonekana.

Njia ya kutoka bondeni ilikuwa moja, inapanda mlimani, na mwanzo wa mlima ndipo palipokuwa na kituo cha mizani, kizuizi chake na kituo cha polisi. Meneja wa mizani alikuwa Bwana Lugendo, kijana msafi, shati limenyooshwa mpaka linakata. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

"Karibuni," alisema siku tuliyofika. "Tutaanza na usajili, kisha uzito. Tela lina namba ya injini?"

"Tela halina injini, Bwana Meneja," alisema Shekue. "Linavutwa."

"Sijauliza kama linavutwa. Nimeuliza namba ya injini. Chombo chochote cha magurudumu lazima kiwe na namba ya injini, ndivyo sheria inavyotaka. Bila namba hakuna usajili, bila usajili hakuna kibao, bila kibao hakuna kupita."

Tukatazamana. Mwantumu akaingia ndani ya tela, akachungulia mlangoni.

"Cherehani yangu ina namba ubavuni. Inafaa?"

Bwana Lugendo akaingia kuiona, akaikanyaga pedali, ikazunguka vizuri. Akaridhika. Cherehani ya Mwantumu ikasajiliwa kuwa injini ya nyumba, na ikapigwa muhuri kwamba ni marufuku kuitenganisha na chombo.

"Na taa ya kuonyesha kona," akaendelea. "Nyumba hii ikitaka kukata kushoto, itawaambiaje walio nyuma?"

"Nitapiga kelele mimi," alisema Bibi Sikudhani kutoka kitandani.

Hilo nalo likakubaliwa, kwa muda.

*

Hapa naomba nieleze mambo ya uzito, kwa sababu wengi hawayaelewi na huishia kuilaumu Serikali.

Tela lina uzito wa aina tatu. Wa kwanza ni uzito mtupu, yaani tela lenyewe bila hata kijiko. La Shekue lilikuwa Mawaziri wanane. Wa pili ni uzito wa juu, ambao hauhusiani na tela lina nini ndani, bali limeruhusiwa kuwa na nini. Huo umegongwa kwenye kibati mlangoni na haubadiliki mpaka chuma kioze. La Shekue liliandikwa Mawaziri ishirini. Ukitoa ule wa kwanza katika huu wa pili, kinachobaki ndiyo haki yako: kitanda, sufuria, mahindi, mke, mama na kumbukumbu zote. Mtu akikuambia maisha hayapimiki, mwulize kama amewahi kuhama na tela.

Wa tatu ni uzito wa ndoano, pale tela linapoungana na trekta. Ndoano ikiwa nyepesi, tela huyumba mlimani na kuvuta kila kitu korongoni. Ndiyo maana mzigo mzuri hukaa mbele. Baada ya kupanga na kupangua tuliona kitu pekee kilichokaa sawasawa juu ya ndoano ni kitanda cha Bibi Sikudhani, yeye mwenyewe akiwamo. Bwana Lugendo akaandika: uzito wa ndoano, Bibi.

Tulikuwa ndani ya haki yetu, na nafasi ya kuku ilibaki. Tukaambiwa tupange foleni, zamu yetu ingefika.

Pale kwenye kizuizi palikuwa na bango kubwa. Bwana Lugendo alitusomea kwa fahari, maana kulisoma ilikuwa sehemu ya kazi yake.

"Ni marufuku kumuuguza, kumwombea nafuu au kumlilia kiongozi ambaye ugonjwa wake haujatangazwa. Atakayekutwa analia atakamatwa hapohapo na kupelekwa Gereza Kuu, kule juu mlimani."

"Huwapeleka kwa miguu?" aliuliza Bibi.

"Hapana, Bibi yangu! Kwa lori la Serikali. Hatutesi watu."

"Na lori hilo nalo hupimwa?"

"La Serikali? Halipimwi. Waziri atampimaje Waziri?"

Bibi akaitikia "ahaa", akajigeuza ukutani.

*

Asubuhi moja simu ililia kituoni, Bwana Lugendo akaipokea kwa saluti kama kawaida. Tuliokuwa karibu tulimwona akiibana simu sikioni. Akauliza, "Rudia, tafadhali." Kisha akaweka simu chini, akaliendea gunia, akalifungua koti vifungo na kuingiza mkono. Akatoa kokoto.

Kokoto zile alizishika kwenye viganja akitafuta mahali pa kuziweka, maana kanuni haikuwahi kufikiria kwamba zingetoka.

Siku zilizofuata simu ilisema punguza, punguza, punguza. Koti likaanza kulipwaya gunia, tai ikalegea. Na kila kokoto ilipotoka, vitu vyote nchini vikaongezeka uzito. Hesabu yake si ngumu: kipimo kikipungua, kinachopimwa huongezeka. Nyumba ya Shekue, ambayo hakuna aliyeigusa, ikatoka Mawaziri wanane ikawa kumi, ikawa kumi na mbili. Kibati cha mlangoni kikabaki palepale, ishirini.

Jioni Msemaji wa Serikali alihutubia redioni.

"Ndugu wananchi, wapo wapotoshaji wanaodai kwamba Mheshimiwa Kipimo amepungua. Napenda kuwathibitishia kwamba Mheshimiwa yu mzima wa afya, yuko ziarani nchi za nje, na anakula. Hajapungua yeye. Ni taifa lililonenepa! Tumebweteka, tumejaza majumba yetu vitu. Huu ni wakati wa kila kaya kujitazama na kupungua, kwa kauli mbiu yetu, Wepesi Ndio Uzalendo."

Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu kwenye trekta, lakini nilipiga.

Foleni nzima ikaanza kupungua. Shekue alishusha magunia ya mahindi, akayapanga kando ya barabara kana kwamba atarudi kuyachukua. Ukafuata mlango wa nyumba ya zamani aliouchonga babake, kisha kinu na mchi. Mwantumu alishusha vyombo vyake vya harusi bila kulia, akavikung'uta vumbi kwanza, mpaka sikuweza kumtazama. Alipotaka kushusha cherehani, Bwana Lugendo alimkimbilia.

"Mama, hiyo ni injini! Ukiishusha, chombo hiki ni kibovu kisheria, nitalazimika kukirudisha mwisho wa foleni."

"Kwa hiyo nishushe unga, nibaki na cherehani?"

"Huo ndio usalama wa barabarani, Mama."

Akashusha unga. Nyuma yetu, kule chini, maji yalikuwa yameshafunika msikiti hadi madirishani.

*

Msomaji atauliza kwa nini hatukupita kwa miguu. Wapo waliojaribu. Mtu akivuka kizuizi bila tela lake alihesabiwa kuwa hana makazi, na kukosa makazi ni uzururaji. Mzururaji, kwa huruma ya sheria, hapelekwi gerezani bali hurudishwa kwenye makazi yake, na makazi yake yalikuwa bondeni. Polisi waliwarudisha kwa adabu mpaka ukingoni mwa maji.

Zamu yetu ilipofika, ndani ya tela mlikuwa na cherehani, kitanda na Bibi. Shekue na Mwantumu walikubaliwa kutembea ubavuni, mkono mmoja ukigusa bati, ili wahesabike wamo. Nilipandisha tela mizani taratibu. Mshale ukapanda, ukaigusa ishirini, ukaipita kidogo. Kidogo sana, upana wa ncha ya mshale wenyewe.

Bwana Lugendo akainama kuutazama, akarudia upande wa pili. Nilimwona akitamani mshale urudi.

"Imezidi," alisema. "Samahani sana. Kilichozidi ni kama kiasi cha... cha Bibi."

"Nishusheni basi," alisema Bibi Sikudhani. "Nimeishi vya kutosha. Nitakaa hapo kwenye majani, nitazame maji."

"Mama, usiseme hivyo!" Shekue alifoka.

"Hata hivyo haiwezekani, Bibi," alisema Bwana Lugendo, na alikuwa karibu kulia mwenyewe. "Wewe ni uzito wa ndoano. Bila wewe ndoano haifiki kiwango. Ukiwamo, jumla imezidi. Ukishuka, ndoano imepungua. Vyote viwili ni makosa."

"Sasa tufanye nini?"

"Kusubiri. Redio imesema Mheshimiwa anakula. Akiurudisha mwili wake hata kidogo tu, mshale utashuka. Ombeni..." Akaliangalia bango, akajirekebisha haraka. "Yaani, subirini."

Tukasubiri kwenye mizani, na foleni nyuma yetu ikasubiri. Kila asubuhi simu ilisema punguza. Maji yakafika kwenye magunia ya mahindi ya Shekue kando ya barabara, yakayalowesha, yakapanda juu yake. Watoto wa foleni wakahamishiwa juu ya mabati. Nilianza kuogopa, na nalisema hapa wazi ingawa najua nitahojiwa: niliogopa, na niliichukia simu ile.

*

Asubuhi ya mwisho simu ililia mapema. Bwana Lugendo alisikiliza kwa muda mfupi tu. Alipoliendea gunia hakuingiza mkono. Alilifungua tai na koti, akalibeba kifuani, akalikalisha chini polepole kama mtu anayemlaza mgonjwa, kisha akalimwaga lote.

Kokoto zilizobaki zilikuwa chache, zingeenea kwenye kofia.

Akalirudisha gunia tupu kitini, akalivalisha koti, akakaza tai kwenye kitambaa kisicho na kitu. Upande wa pili wa mizani mshale uliruka mpaka mwisho wa namba, ukagonga chuma, ukabaki hapo unatetemeka. Tela la Shekue sasa lilikuwa zito kupita hesabu. Kila tela lilikuwa hivyo. Hata kalamu mfukoni mwa Bwana Lugendo ilikuwa imezidi.

"Hakuna chombo kitakachopita leo," alitangaza, macho mekundu. "Mheshimiwa yu mzima wa afya."

Maji yalikuwa yameshika magurudumu ya tela la nyuma kabisa. Watu walisimama, wakalitazama koti lile tupu, na kila mmoja alielewa, na kila mmoja akaufunga mdomo wake.

Ndipo Bibi Sikudhani alipoanza.

Kwetu bondeni kilio cha msiba kina mpangilio wake. Anaanza mwanamke mkubwa kwa sauti ya chini, anamtaja marehemu kwa mama yake, si kwa cheo chake; kisha wengine humpokea. Bibi alijitanda kanga, akajiinua kitandani, akaanza: uwii, mtoto wa watu, umekonda peke yako ugenini, nani alikunywesha uji, nani alikushika mkono, mama yako angekuona ungempa nini akumbatie, na mwili wote umeisha?

Sijui mpaka leo kama alilia kwa hila au kwa huruma. Nadhani alianza na moja akamalizia na nyingine, kwa sababu machozi yalikuwa ya kweli, na mimi niliyempenda Mheshimiwa miaka yote sikuwahi kufikiria kwamba alikuwa na mama.

Polisi wakatoka mbio. "Bibi! Unamlilia nani?"

"Kipimo chenu kimekufa, wanangu. Nani asiyeona?"

Kosa lilikuwa wazi, na adhabu yake iko kwenye bango. Wakamfunga pingu, wakambeba na kitanda chake, wakampandisha kwenye lori la Serikali. Kizuizi kikainuliwa. Halikupimwa. Tulimwona akipanda mlima, kavu, pingu zinang'aa, na aliposhika kona ya kwanza alipiga kelele: "Kushoto!"

Mwantumu ndiye aliyeelewa kwanza. Akajitanda kanga, akapokea kilio. Shekue akafuata. Mimi sikuhitaji kujilazimisha, nililia kama mtoto. Kilio kikaenda nyuma kwenye foleni, tela kwa tela, wanawake wakipokezana, wanaume wamejishika vichwa, watoto juu ya mabati wakilia kwa sababu mama zao wanalia. Bonde zima likawa msiba. Polisi waliishiwa pingu, wakatufunga kwa kamba, kisha wakatufunga kwa maneno tu. Malori yakaenda na kurudi mpaka foleni ikaisha, na maji yakaingia kwenye nyumba tupu.

Katika lori la mwisho nilikuwamo mimi. Polisi nao walikuwa wamepanda. Bwana Lugendo alikuwa amesimama penye mizani, maji yamemfika magotini, shati bado limenyooka, kando ya kiti chenye koti.

"Lia, Lugendo!" tulimpigia kelele. "Lia tu, kaka! Lia twende!"

Alifungua mdomo. Nilidhani analia. Akaangalia bango, akaangalia koti, akajifuta uso kwa kiganja.

"Siwezi," alisema. "Mimi ni mtumishi. Mheshimiwa yu mzima wa afya."

Dereva akaingiza gia.

*

Tuko Gereza Kuu sasa, juu, pakavu. Shekue analima bustani ya mkuu wa gereza. Mwantumu anatushonea sare kwa mkono, kwani injini ilibaki kwenye chombo chake kama sheria ilivyotaka. Hukumu yetu ilisomwa kwa upole: kwa kosa la kumlilia kiongozi mzima, tutatumikia kifungo mpaka siku Mheshimiwa atakaporejea kutoka ziarani akiwa na mwili wake. Hakimu alitutakia subira. Nasikia Baraza linatafuta kipimo kipya, na mawaziri wote wameanza kula sana.

Jioni hutufungulia redio. Jana Msemaji wa Serikali alisema Ziwa la Taifa limejaa, limependeza, na kwamba uvumi kuhusu kituo cha mizani cha bondeni ni upotoshaji. Kituo kinaendelea na kazi, na meneja wake, Bwana Lugendo, yu mzima wa afya.

Bibi Sikudhani alikuwa akinywa uji. Akakiweka kikombe chini, akauliza kama kuna anayejua jina la mama yake Lugendo. Hakuna aliyelijua. Basi akajitanda kanga, akaanza kwa sauti ya chini.